Dawati la mbele halitoshi

Mtoto mwenye ulemavu akiandikishwa shule ya kawaida, neno linalosemwa ofisini huwa lilelile: "Mwalimu, mweke mbele." Anawekwa mbele, na inahesabika kwamba elimu jumuishi imeanza. Haki yake ya kusoma pamoja na wenzake imo kwenye Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, hilo halina ubishi. Ila ndani ya darasa la Makorora au Ngamiani, hapa mjini Tanga, watoto watatu dawati moja, haki hiyo inageuka kuwa mambo madogo madogo: jua linaingilia dirisha gani, chaki ni ya rangi gani, mwalimu anasema akiwa ametazama wapi. Nitakaa zaidi kwenye macho, maana hapo makosa ni mengi na mengi hayahitaji fedha kuyarekebisha.

Kwanza pima. Mtoto mwenye uoni hafifu mara nyingi hasemi kwamba haoni, kwa kuwa hajui wenzake wanaona nini. Chukua kadi nyeupe na maka peni nyeusi, chora herufi E yenye urefu wa milimita 26 na upana huohuo. Kila mstari na kila nafasi katikati iwe milimita 5 na ushei. Pima mita 6 kwa futi kamba, barazani penye kivuli chenye mwanga, si uwanjani juani. Mtoto afunike jicho moja kwa kiganja, kisha aonyeshe kwa vidole vitatu upande ambao miguu ya E inaelekea. Mgeuzie kadi mara 5. Akipatia mara 4, jicho hilo limepita. Mgeukie la pili.

Kipimo hiki huharibika kwa sababu tatu. Kadi inageuzwa mbele ya macho yake, kwa hiyo anafuata mkono wako badala ya herufi, igeuzie mgongoni. Wenzake wanamnong'oneza. Au anabonyeza jicho kwa kiganja, na likifunguliwa linaona ukungu kwa muda, nawe unaandika kwamba jicho ni bovu. Asiyepita aende kwanza kitengo cha macho, kwa mjini Tanga ni hospitali ya Bombo, kabla hujaanza kubuni mbinu za darasani. Wapo ambao shida yao yote inaishia kwenye miwani.

Wenye ualbino ni habari nyingine. Wazazi huuliza, "Mwanangu kapewa miwani, mbona bado anainamia daftari?" Miwani inarekebisha mpindo wa mwanga, lakini sehemu ya katikati ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ile inayoona vitu vidogo, haikukomaa tangu tumboni, na hakuna kioo kinachoikomaza. Kwa hiyo kuinamia daftari si tabia mbaya wala hakumharibu macho. Muache ainame. Kinachoumia ni shingo na mgongo, na dawa yake ni kibao cha kusomea: ubao mwembamba wa sentimita 40 kwa 30, umesimamishwa kwa mshazari juu ya dawati, na ukingo mdogo chini wa kuzuia kitabu kisiteleze. Fundi seremala yeyote anakitengeneza kwa mabaki.

Sasa umbali. Kipimo cha 6/60, ambacho si cha ajabu kwa mtoto mwenye ualbino, maana yake ni kwamba anachokiona akiwa mita 6, mwenye macho mazima anakiona akiwa mita 60. Ukipiga hesabu, akiwa mita 2 kutoka ubaoni, herufi ndogo kabisa anayoweza kuitambua ina kimo cha karibu sentimita 3. Hapo ni mwisho wa uwezo wake, kama kubeba gunia zito usiloweza kwenda nalo mbali. Ili asome bila kuchoka anahitaji herufi kubwa mara mbili, yaani sentimita 6, au asogee mpaka mita 1. Pima kutoka ubaoni hadi dawati lenu la mbele uone. Kwa hiyo "mbele" peke yake haimtoshi: mpe ruhusa ya kudumu ya kuinuka na kusimama karibu na ubao akitaka, bila kunyoosha mkono kila mara. Darasa likishazoea, baada ya wiki mbili hakuna anayemtazama.

Tena si kila mbele ni mbele. Saa mbili asubuhi jua letu la baharini linaingia chini chini kwa madirisha ya mashariki, na dawati la mbele lililo karibu na dirisha hilo ndilo baya kuliko yote kwa jicho lisilostahimili mwanga. Mtoto anafumba macho, mwalimu anadhani amesinzia. Mchana jua limehamia upande wa pili. Mtoto huyu anahitaji sehemu mbili za kukaa, ya asubuhi na ya mchana, na kofia yake asivuliwe darasani kwa kisingizio cha nidhamu. Nje, kwenye paredi, asimame kivulini. Mikono mirefu, kofia yenye ukingo mpana pande zote, losheni ya jua inayopakwa upya kila baada ya saa mbili akiwa nje.

Macho yake yakichezacheza, utamkuta anageuza kichwa upande mmoja ili asome. Kuna pembe fulani ambayo macho hutulia, naye ameigundua mwenyewe. Kumwambia "kaa vizuri, tazama mbele" ni kumnyang'anya uoni aliojitafutia.

Ubaoni tumia chaki nyeupe au ya njano. Nyekundu, bluu na kijani huzama kwenye weusi, na ubao uliochakaa ukawa wa kijivu unameza hata nyeupe. Lakini adui mkubwa wa darasa jumuishi, kwa maoni yangu, ni maneno mawili: "hii" na "hapa". Mwalimu anasema, "Ukichukua hii ukaileta hapa, unapata hii." Asiyeona ubao hakupata kitu. Sema: "Nina x kujumlisha 7, sawasawa na 12. Natoa 7 pande zote mbili. Inabaki x sawasawa na 5." Inaongeza sekunde chache tu, na waliokaa nyuma kabisa watakushukuru pia.

Kwa asiyeona kabisa, nukta nundu, yaani maandishi ya breli yanayosomwa kwa vidole, zinahitaji mwalimu aliyezisomea, na mkoa wetu una shule ya wasioona ya Irente, Lushoto. Michoro, hata hivyo, unaweza kuitengeneza mwenyewe, na Tanga hatukosi katani. Bandika uzi wa katani kwa gundi juu ya boksi gumu: nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja kwa mpaka wa mkoa, uzi mmoja kwa mto Pangani, mchanga uliomwagwa juu ya gundi kwa milima ya Usambara. Acha nafasi ya angalau nusu sentimita kati ya mstari na mstari. Vikisogeleana, kidole kinahisi donge tu. Usiweke zaidi ya vitu vitano kwenye ramani moja.

Kuhusu masikio nitasema kwa ufupi. Asiyesikia vizuri asikae mbele kabisa katikati. Akae mstari wa pili, pembeni, auone uso wako na pia aweze kugeuka kumwona mwenzake anayejibu. Usiongee ukiandika ubaoni, wala usisimame dirisha likiwa mgongoni kwako, maana uso unakuwa kivuli na midomo haisomeki. Masika ikipiga mabati, kifaa cha kusikia kinakuza mvua pamoja na sauti yako. Muda huo andika, usihubiri. Mtoto kiziwi anayetumia Lugha ya Alama anahitaji mtu anayeijua, na kumkalisha mahali popote hakuzibi pengo hilo.

Mwisho, mtihani. Aina ya ulemavu ionyeshwe wakati wa usajili wa darasa la saba, ndipo karatasi ya maandishi yaliyokuzwa au ya nukta nundu iandaliwe. Muda wa nyongeza ni dakika 20 kwa kila saa kwa Hisabati na dakika 10 kwa masomo mengine. Azoezwe muda huo tangu majaribio ya shuleni. Majaribio hayo mnayakuza wenyewe kwenye duka la fotokopi: karatasi ya A4 ikikuzwa kuwa A3, maandishi ya ukubwa wa 12 yanafika 17 hivi, kwa hiyo aliyezoea 24 bado hayamfai, chapeni upya. Na A3 haienei kwenye dawati la watu watatu. Ikateni katikati, muandike namba ya ukurasa kila kipande.