Je, wajua kwa nini somo la lugha ya kigeni huamua nani aingie chuo kikuu Marekani?

Ukitaka kusoma shahada ya kwanza University of California, iwe ni Berkeley, Los Angeles au San Diego, kufaulu hisabati na sayansi peke yake hakukuvushi. Masomo 15 ya sekondari yanayotakiwa yamepangwa kwa herufi, A hadi G. Penye E kuna lugha isiyokuwa Kiingereza: miaka miwili ya lugha ileile, na ushauri kwamba mitatu ni bora zaidi. Alama isishuke chini ya C. Harvard nao hushauri mwombaji awe amesoma lugha moja kwa miaka minne. Mtanzania aliyewahi kukosa kozi kwa sababu ya somo moja kwenye tahasusi yake hahitaji kufafanuliwa uchungu wake.

Sharti hili linaonekana la haki hadi uulize walimu wa lugha wako shule zipi. Shule nyingi za serikali kule Marekani huendeshwa kwa sehemu kubwa na kodi ya majengo ya eneo lenyewe, kwa hiyo mtaa wa matajiri una shule yenye fedha. Huko utakuta Kihispania, Kifaransa, Kichina na pengine Kilatini, ngazi ya kwanza hadi ya nne. Kwenye mtaa maskini, wenye wanafunzi wengi Weusi na Walatino (wenye asili ya Amerika ya Kilatini), shule inaweza kuwa na mwalimu mmoja wa Kihispania. Akihama, darasa limekwisha. Mtoto hajafeli kitu. Hakupangiwa somo tu, na wengine huja kugundua pengo hilo wakati wa kujaza fomu za udahili.

Kisa cha Walatino wa California ndicho kinachonishangaza kuliko vyote. Mwaka 1996 wapigakura wa jimbo hilo walipitisha Hoja ya 209, iliyopiga marufuku vyuo vya umma kuzingatia rangi au asili ya mwombaji katika udahili. Mwaka 1998 wakapitisha Hoja ya 227, iliyobana mno ufundishaji kwa lugha mbili katika shule za umma. Sasa mchukue mtoto mmoja aliyelelewa kwa Kihispania. Anaingia darasa la kwanza, anaambiwa lugha ya mama yake ni kikwazo, asome kwa Kiingereza. Anafika sekondari, anaambiwa chuo kinataka lugha ya pili. Jimbo ni lilelile, na wapigakura ni walewale. Hoja ya 227 ilikuja kufutwa kwa kura mwaka 2016, baada ya kizazi kizima kupita mikononi mwake.

Njia za kupita zipo, tuseme ukweli. Mwanafunzi anaweza kuthibitisha lugha yake kwa mtihani unaotambuliwa, au kwa vyeti vya shule aliyosoma nje kwa lugha nyingine. Mtihani wa Kihispania wa AP, yaani wa ngazi ya chuo lakini unaofanywa sekondari, umewapa Walatino wengi alama za chuo hata kabla hawajakanyaga chuoni. Na ni California hiyohiyo iliyotunga sheria mwaka 2011 ya kubandika muhuri kwenye cheti cha sekondari cha anayemudu lugha mbili, jambo ambalo majimbo mengine yaliiga. Lakini mitihani na mihuri hiyo inataka mtoto awe na mtu wa kumwambia kwamba vitu hivyo vipo.

Je, wakishaingia chuoni huendelea na lugha? Hapo namba zinasikitisha. Hesabu ya chama cha walimu wa lugha na fasihi, MLA, ilionyesha kilele mwaka 2009, pale uandikishaji katika madarasa ya lugha vyuoni ulipokaribia milioni 1.7. Mwaka 2021 ulikuwa chini ya milioni 1.2. Kihispania, Kifaransa na Kijerumani vyote vimeshuka. Kikorea kimepanda kwa kasi, na lugha ya alama ya Marekani imekaa nafasi ya tatu, nyuma ya Kihispania na Kifaransa.

Wengi husema vijana wamekuwa wavivu. Mimi naangalia masharti kwanza. Mwaka 1995 theluthi mbili ya vyuo vinavyotoa shahada vilimtaka mhitimu awe amesoma lugha. Kufikia 2010 vilibaki karibu nusu. Sharti likiondoka, darasa hupungua, na darasa likipungua mhasibu wa chuo huja na kalamu nyekundu. Mwaka 2023 West Virginia University, chuo kikuu cha umma cha jimbo maskini, kilipiga kura ya kufuta shahada zake zote za lugha za kigeni. Hesabu ya 2021 inaonyesha pia kwamba vyuo vya jamii, vile vya miaka miwili na ada nafuu, vilipoteza wanafunzi wa lugha kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko vyuo vya miaka minne. Huko ndiko Walatino wengi na watoto wa maskini huanzia. Ada ikiwa deni, mtu huchagua somo la kumlipa haraka.

Kiswahili kiliingia vyuo hivyo kwa milango miwili. Wa kwanza ni hofu: Warusi waliporusha Sputnik, setilaiti ya kwanza duniani, mwaka 1957, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya 1958 iliyotoa fedha za kufundisha lugha ambazo Wamarekani wachache walizijua. Wa pili ulisukumwa na wanafunzi Weusi. Mgomo wa wanafunzi wa chuo cha San Francisco State, California, ulioanza Novemba 1968 na kwisha Machi 1969, ulizaa kitivo cha masomo ya makabila na jamii za wachache, na katika miaka hiyohiyo vyuo vingi vilidaiwa masomo ya Afrika, Kiswahili kikiwemo. Huo ndio upepo uliomfanya mwanaharakati Maulana Karenga aipe Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani Weusi aliyoianzisha mwaka 1966, maneno kama umoja, ujima na kujichagulia.

Ndiyo maana hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya Juni 2023, iliyozuia kuzingatia rangi katika udahili nchi nzima, inahusu lugha pia, ingawa sijaona ikijadiliwa hivyo. Katika chuo cha teknolojia cha MIT, Weusi waliokuwa wastani wa asilimia 13 ya wanaoanza walishuka hadi 5 katika kundi lililoingia 2024. Madarasa ya Kiswahili Marekani ni madogo, mengi yako katika vyuo vikubwa na vyenye ushindani, na miongoni mwa wanaoyajaza ni Wamarekani Weusi na watoto wa wahamiaji wa Kenya, Tanzania na Kongo. Darasa la wanafunzi kumi likipoteza wanne, mwalimu wake, ambaye pengine ni kijana wa Kenya au Tanzania aliyekwenda kwa mwaka mmoja kwa Fulbright, udhamini wa serikali ya Marekani, anaweza asipate wa kumrithi.