Nebraska ya 2021 haikurogwa

Imekuwa wimbo. Timu ya chuo ya futiboli ya Kimarekani ikimaliza msimu vibaya, hakosi mtu wa kusema: “Mbona Nebraska ya 2021? Mechi 12, ikafungwa 9, zote kwa tofauti isiyofika pointi 10. Mkosi tu ule!” Kisha anatoa turufu yake: ilifunga pointi 335, ikafungwa 272. Timu yenye ziada ya 63 itakuwaje mbovu?

Toa ushindi dhidi ya Fordham, wa daraja la chini, 52-7. Toa ule wa Northwestern, 56-7. Ziada imeshageuka deni la pointi 31. Mbovu kabisa haikuwa, sawa. Michigan waliishinda 32-29 kwa jasho, na hao ndio waliotwaa Big Ten, ligi ya Nebraska, mwaka ule.

Kinachonikera ni hilo neno mkosi, maana nusu yake ni kweli. Mechi za tofauti ndogo hazitabiriki: kikosi kilekile mwaka huu kitapoteza 6 kati ya 8, mwakani kishinde 5. Lakini tazama pointi za Nebraska zilipovujia. Kwenye mateke! Dhidi ya Illinois, mpokeaji wa Nebraska aliudaka mpira uliopigwa teke karibu kabisa na mstari wake wa goli, akarudi nyuma, wapinzani wakapewa pointi 2. Mpokeaji hufundishwa hivi: weka visigino kwenye yadi ya 10 kutoka mstari wa goli lako, mpira ukikupita kichwani, uache uende. Dhidi ya Oklahoma, teke la pointi moja la Nebraska, lile la baada ya tachidauni (bao la pointi 6), lilizuiwa na mpira ukakimbizwa hadi upande wa pili, pointi 2 tena. Dhidi ya Iowa, teke la kuondoa mpira, la kumsukumia mpinzani mbali, lilizuiwa, likawa tachidauni ya Iowa.

La Michigan State ndilo la kufundishia. Nebraska inaongoza 20-13, robo ya nne. Teke lake la kuondoa mpira lilipangwa kwenda pembeni upande mmoja, likaenda upande wa pili. Uwanja una upana wa yadi 53 na kitu. Wakabaji wa timu iliyopiga hawaangalii mpira unapopaa. Wanakimbilia upande waliopangiwa, wakitegemea uelee kama sekunde nne na nusu na ubanwe na mstari. Ukienda kwingine, hata uwe mrefu namna gani, umempa mpokeaji nusu uwanja mtupu. Yadi 62, tachidauni, 20-20, Nebraska wakafungwa 23-20 muda wa nyongeza. Mguu umekosea, sawa, ila nani alichagua teke la pembeni kwa mpigaji asiyelimudu?

Nakiri, hesabu inanisumbua. Chini ya kocha Scott Frost, hadi anatimuliwa Septemba 2022, Nebraska ilishinda mechi 5 kati ya 27 zilizoamuliwa kwa pointi 8 au pungufu. Rusha sarafu mara 27: kupata 5 au pungufu ni kama mara 1 katika 1,300. Hapo ningesema si bahati, yamekwisha. Lakini vyuo vya daraja la juu ni kama 130. Virushie vyote sarafu, na kuna nafasi kama 1 kwa 10 kwamba angalau kimoja kitaangukia kwenye 5 au pungufu bila kosa lolote. Kwa hiyo siwezi kuapa.

Ila Dublin, Agosti 2022: Nebraska inaongoza Northwestern 28-17, robo ya tatu, benchi linaagiza teke fupi la kushtukiza, ili liunyake mpira lenyewe. Northwestern wakaunyaka, wakashinda 31-28. Hiyo siiingizi kwenye hesabu ya sarafu.