Kioo kirefu si dawa ya kila upepo: ninavyofunga kinga za upepo kwenye pikipiki ya safari ndefu

Mwenye pikipiki anaponiletea kioo kirefu cha mbele na kuniomba nimfungie, jambo la kwanza ninalomuuliza ni sehemu gani ya mwili wake inayochoka baada ya saa mbili barabarani. Akitaja kifua na mikono, ni kweli upepo unamsukuma na kioo kitamsaidia. Akitaja shingo na masikio, au akisema kichwa kinatikisika hadi vibao vya barabarani havisomeki, huyo anasumbuliwa na hewa iliyovurugika, na kioo kirefu kinaweza kumwongezea taabu.

Msukumo wa upepo hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo anayetoka kilomita 50 kwa saa hadi 100 hukutana na msukumo mara 4. Katika mwendo huo wa 100, upepo unaopiga eneo la nusu mita ya mraba husukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 23, na mzigo huo wote hubebwa na mikono, tumbo na shingo. Ndiyo maana Gold Wing ya kwanza, pikipiki ya Honda GL1000 ya mwaka 1975, iliyotoka kiwandani bila kinga yoyote, ilifungwa na wasafiri wengi wa Marekani kinga ya Windjammer aliyoibuni Craig Vetter. BMW ilitoa R 100 RS mwaka 1976 ikiwa na kinga kamili iliyochongwa kwa vipimo vya handaki la upepo (njia ya kupulizia chombo upepo wa mashine ili kuona hewa inavyokipita), na mwaka 1980 Honda nayo ikaleta GL1100 Interstate yenye kinga ya kiwandani. Hata hivyo, kiwanda hulazimika kumchagulia kioo mtu wa kimo cha wastani, na mtu huyo ni nadra kumkuta amekaa juu ya kiti.

Hewa inayopanda juu ya uso wa kioo huachana nacho inapofika ukingoni. Nyuma ya kioo kanieneo, yaani mgandamizo wa hewa, hushuka, na hewa ya pembeni na ya chini huvutwa kwenda kuijaza nafasi hiyo, kama maji ya mto yanavyojizungusha nyuma ya nguzo ya daraja. Mpaka kati ya hewa inayopita juu na hii inayozunguka ndio wenye ghasia, na ukiangukia kwenye helmeti, kichwa hupigwa mapigo mafupi ya haraka. Kioo kikiwa kipana na kirefu bila upenyo chini yake, utupu wa nyuma huwa mkubwa zaidi, hadi dereva anaona koti lake linasukumwa mgongoni kuelekea mbele.

Kwa sababu hiyo sinunui wala kumshauri mtu anunue kitu kabla ya kupima. Kipimo rahisi hufanywa na abiria, au na dereva mwenyewe kwenye barabara iliyonyooka isiyo na magari: kuinua kiganja polepole kutoka nyuma ya kioo hadi kukutana na ukingo wa upepo, kisha kuangalia ukingo huo uko kwenye kidevu, macho au utosi. Kingine ni kusimama kidogo juu ya vikanyagio. Kelele ikikoma kichwa kinapopanda, hewa safi iko juu yako, na kioo kifupi zaidi kinaweza kukutuliza kuliko kirefu. Najua ushauri huo huonekana kichekesho kwa aliyekwisha kulipia kile kirefu.

Mteja mmoja hakuniamini, nikabandika nyuzi za sufu za urefu wa kidole upande wa ndani wa kioo chake kipya na kwenye mabega ya koti, tukaenda, mimi nikiwa nyuma kama abiria. Tulipofika kilomita 80 kwa saa nyuzi za kioo zilisimama zikielekea juu, na zile za mabegani zikalala kuelekea mbele. Tuliporudi nilikitoa kioo, nikaweka vipande vya kukiinua ili pabaki upenyo wa takriban sentimita 3 kati yake na ganda la taa, nikakilaza nyuma kidogo. Safari ya pili nyuzi za mabegani zilicheza tu bila kushika upande. Upenyo ule uliruhusu hewa iingie chini na kujaza utupu, na hatukuhitaji kununua kipande cha kuongeza kimo.

Kuhusu kimo, mimi hupenda macho yatazame juu ya ukingo wa kioo kwa sentimita chache. Anayetazama kupitia kioo atakutana usiku na mvua, mikwaruzo na taa za magari kwa pamoja. Kelele ya upepo kwa mwendo wa barabara kuu huweza kupita desibeli 100 ndani ya helmeti, hivyo vizibo vya masikio vinabaki vya lazima hata kioo kikiwa kizuri.

Kazi ya kufunga yenyewe inataka mkono mwepesi. Vioo vingi hushikwa na nati za mpira zenye kiini cha shaba: skrubu ikikazwa, mpira hujikunja na kutanuka nyuma ya tundu. Ukikaza kupita kiasi mpira hujisokota, kiini huzunguka na skrubu haitoki tena. Natumia bisibisi ya mkono na washa za plastiki, naanza skrubu zote kwa vidole, ndipo nakaza kwa zamu. Gundi ya maji ya kuzuia skrubu kulegea haifai hapa. Niliwahi kuitia tone moja kwenye kioo changu mwenyewe cha polikaboneti, ile plastiki ngumu inayong'aa, na asubuhi nikakuta nyufa kama utando wa buibui kuzunguka kila tundu. Petroli na dawa za vioo zenye amonia huleta madhara ya namna hiyo. Wadudu waliokaukia nalainisha kwa kitambaa chenye maji kwa dakika kumi, basi.

Vikinga mikono ni vidogo, lakini ndivyo ninavyovikagua zaidi, kwa kuwa viko jirani na breki na klachi. Nazungusha usukani kushoto hadi mwisho na kulia hadi mwisho, nikitazama kama kinagusa kioo, tangi au kebo, kisha narudia injini ikiwa inaunguruma taratibu. Mlio ukipanda usukani unapogeuka, kebo ya mafuta imevutwa, na pikipiki haitoki mpaka ipangwe upya. Vikinga vya miguuni navifunga mwisho, baada ya kuhakikisha havizibi njia ya hewa ya rejeta wala kurudishia magoti joto la injini. Safari ya majaribio huanza kwa mwendo mdogo na kupanda hatua kwa hatua, kwa kuwa kioo kilichoshikwa kwenye usukani huweza kuufanya uyumbe mwendo unapozidi, na nikisikia dalili hiyo napunguza mwendo taratibu, narudi na kukishusha.