Zile ARV (dawa za VVU) za zamani, mtaani walisema hivi kumbe ukweli ni huu

Mtu anameza dawa asubuhi na jioni hakosi hata siku moja, CD4, yaani seli za kinga, zinapanda, lakini mashavu yanabonyea, makalio yanaisha, mishipa ya mikono inatokeza, basi mtaani wanasema huyo ngoma imemzidi au dawa anatupa. Sio kweli jamani. Mara nyingi ilikuwa stavudini, iliyokuwemo kwenye kile kidonge cha tatu kwa moja, Triomune, ambacho wengi Tanzania walianza nacho dawa za bure zilipokuja 2004. Inaharibu mitokondria, sehemu ya seli inayotengeneza nguvu, mafuta chini ya ngozi yanapotea hata kama kirusi kimelala kabisa.

Mama yangu mdogo usiku alikuwa anakaa kitandani miguu ipo kwenye beseni la maji baridi, shuka likimgusa vidole anashtuka. Wakasema kakanyaga mtego wa mtu, karogwa. Hakurogwa, ile ni mishipa ya fahamu imeumia kwa hiyo hiyo stavudini, na kwa anayetumia isoniazidi ya TB bila vitamini B6 ndio inazidi.

Wengine mpaka leo wanasema wazungu walituletea sumu ambayo wao hawakuila. Waliila, Marekani stavudini ilipitishwa 1994, ila wao wenye hela waliiacha mapema. Kwetu ilibaki kwa sababu ya bei na haikuhitaji kupima damu mara kwa mara kama zidovudini, ARV nyingine inayoweza kupunguza damu. 2001 Cipla, kampuni ya dawa ya India, walitangaza mchanganyiko kama huo dola 350 kwa mwaka wakati kwa matajiri ilikuwa zaidi ya 10,000, bila hiyo wengi tungewazika. Lakini WHO, Shirika la Afya Duniani, kusema nchi ziiache ni 2009, na hapo mimi naona tulicheleweshwa, watu wameumia.

Kinachoniuma zaidi ni mtu kupimwa leo akakataa dawa kwa kuogopa ile sura. Siku hizi ni TLD, yaani tenofovir, lamivudini na dolutegravir, kidonge kimoja kwa siku, stavudini haimo. Ina mambo yake pia, kunenepa, usingizi kukatika, figo kuangaliwa, ukiona kitu mwambie nesi wa CTC, kliniki ya VVU, usiache mwenyewe kimyakimya.

Halafu kuna wanaodhani ukibadilishiwa dawa tu kila kitu kinarudi. Mafuta yanarudi polepole sana na sio yote, ganzi kwa wengine haiishi. Mama mdogo alibadilishiwa, mashavu yamejaa kidogo, beseni limerudi kwenye kufulia, ila viatu vya kufunika mpaka leo havai, hata kanisani anaenda na ndala.