Mtaalamu wa saikolojia anayekufaa ni yule unayeweza kumkatalia

Wengi wanaobisha mlangoni kwangu, mimi mtaalamu wa saikolojia hapa Bukavu, mashariki mwa Congo, hawaji kwa sababu wameamua kuanza tiba ya kisaikolojia. Wanakuja kwa sababu tumbo linawauma na vipimo vyote havionyeshi kitu, au kwa sababu usingizi umewapotea tangu walipofiwa, au kwa sababu muuguzi wa kituo cha afya aliwaelekeza kwangu na wao wakaona haya kumkatalia. Uamuzi wenyewe huja baadaye, wakishaelewa kazi hii ni ya namna gani na wanaifanya pamoja na nani. Kwa hiyo nataka kueleza kwa utulivu mambo mawili ninayoulizwa mara kwa mara: mtu ajuaje kwamba wakati wa kutafuta msaada umefika, na atamtambuaje mtaalamu atakayemfaa.

Kinachowachelewesha watu zaidi ni hofu ya kuitwa wazimu. Mtu akionekana akitoka SOSAME, hospitali ya magonjwa ya akili inayoendeshwa hapa mjini na mabruda wa Frères de la Charité, kesho yake kartie nzima inasema kichwa chake kimeharibika. Ni maneno ya uonevu, tena hayana ukweli, kwa sababu sehemu kubwa ya watu wanaohitaji tiba ya mazungumzo wanaamka asubuhi, wanapeleka watoto shuleni na kufungua duka kama kawaida. Wanachobeba ndani hakionekani barabarani. Kipimo tunachotumia sisi ni muda na uzito wa mambo. Huzuni au kukosa hamu ya kitu chochote kukidumu karibu kila siku kwa majuma 2 au zaidi, pamoja na usingizi kuharibika, chakula kukosa ladha na kazi kulemaa, hiyo ni sababu ya kutosha kumwona mtaalamu. Aliyepatwa na tukio la kutisha kisha, baada ya mwezi mmoja kupita, akawa bado anaota ndoto zilezile, anashtuka mlango ukigongwa na kuzikwepa njia zinazomkumbusha, naye asiendelee kungoja. Mwenye mawazo ya kujiua hana haja ya kuhesabu siku: aende hospitali leo, akiwa na mtu anayemwamini, hata kama ni usiku.

Mwili unapolalamika, uanze kupimwa. Upungufu wa damu, ugonjwa wa tezi ya shingo na magonjwa mengine kadhaa yanaweza kuleta uchovu, moyo kudunda na wasiwasi unaofanana kabisa na ule unaotokana na fikra. Mtaalamu wa saikolojia asiyekuuliza kama umemwona daktari ameruka hatua ya lazima. Sisi wenyewe hatuandiki dawa. Hiyo ni kazi ya daktari, hasa daktari wa magonjwa ya akili, na wako watu wanaohitaji vyote viwili kwa pamoja.

Nasikia pia wakisema: tutaanzaje tiba wakati hatari yenyewe haijaisha? Tangu vita vilipoingia mjini Februari 2025 na mabenki kufungwa, swali hili limekuwa zito zaidi, na silichukulii kwa wepesi. Jibu langu linatoka hapahapa Kivu. Mwaka 2013 jarida kubwa la tiba la Marekani lilichapisha utafiti uliofanywa katika vijiji vyetu, kwa wanawake waliopitia ukatili wa kingono. Wanawake 157 walipata tiba ya vikundi inayomfundisha mtu kuchunguza imani zinazomtesa, kama vile ile ya kwamba yaliyompata ni kosa lake, na wengine 248 walipata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja. Miezi 6 baada ya tiba kumalizika, waliokuwa bado na dalili za kiwango cha ugonjwa wa huzuni au wasiwasi walikuwa asilimia 9 katika kundi la kwanza na asilimia 42 katika kundi la pili. Baadhi ya vijiji hivyo vilipatwa na mashambulizi utafiti ukiwa unaendelea, na wengi wa wanawake hao hawakujua kusoma, kwa hiyo masomo yaliyoandikwa yaligeuzwa yakawa ya kukariri.

Utafiti huo unanigusa kwa sababu nyingine pia. Waliotoa tiba hawakuwa maprofesa. Walikuwa APS, yaani wale wasaidizi wa kisaikolojia na kijamii tunaowajua sote, wenye elimu ya miaka kadhaa baada ya shule ya msingi, ambao walifunzwa njia moja vizuri kisha wakasimamiwa kwa karibu katika kila hatua. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama amtafute mwenye shahada kubwa, namwambia shahada ni jambo jema lakini aongeze maswali mawili: umefunzwa njia gani ya kutibu tatizo kama langu, na ni nani anayeisimamia kazi yako? Mtaalamu mzuri hujibu maswali hayo bila kuona amevunjiwa heshima. Anayekasirika, au anayejibu kwamba yeye anatumia njia zote, amekupa habari unayoihitaji. Nasema hivi kwa uchungu, maana katika mji uliopitia misaada mingi kama wetu kuna watu waliokaa kwenye warsha ya siku chache, wakapewa cheti, kisha wakaanza kufungua vidonda vya watu wasivyojua namna ya kuvifunga.

Mwaka 1979 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Bordin, alieleza kwamba ushirikiano kati ya mtaalamu na mgonjwa una sehemu tatu: kukubaliana juu ya lengo, kukubaliana juu ya kazi itakayofanywa ili kulifikia, na kuwapo kwa imani kati ya watu hao wawili. Tafiti nyingi tangu hapo, katika aina mbalimbali za tiba, zimeonyesha kwamba ubora wa ushirikiano huo unaendana na matokeo ya tiba. Hapa kwetu sehemu ya tatu inatudanganya kwa urahisi. Tumelelewa kumheshimu docta, mchungaji na mwalimu, na heshima hiyo kwa nje inafanana sana na imani. Mgonjwa anaitikia kila kitu, anashukuru, anaagana vizuri, kisha harudi tena.

Nikumbuke mama mmoja anayeuza vitenge sokoni Kadutu; nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike. Nilikuwa nimempa zoezi la kupumua polepole akiwa amefumba macho, na kila nilipouliza kama linamsaidia alijibu, "Ndiyo, docta." Huku akijibu, vidole vyake vilikunja pindo la kitenge, vikalikunjua, vikalikunja tena. Siku moja nikamwambia kwamba katika chumba hiki neno hapana linakaribishwa kuliko ndiyo. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Hapana. Nikifumba macho ndipo ninawaona." Tuliliacha zoezi lile papo hapo. Tukaanza lingine la macho wazi: nyayo zikanyage sakafu, ataje kwa sauti vitu vitano anavyoviona chumbani, aguse ubao wa kiti na aseme kama ni wa baridi au wa joto. Hapo ndipo tiba yake ilipoanza kweli, na iliwezekana kwa sababu alinikatalia.

Kwa hiyo, katika vikao viwili au vitatu vya mwanzo, jipime mwenyewe. Je, ninaweza kumwambia mtu huyu kwamba hajanielewa? Nikimwambia, anajitetea au anauliza zaidi? Tumeshasema kwa maneno ya wazi tunatafuta nini, kwa mfano kulala kwa muda wa saa sita bila kuamka kwa woga, au kuweza kupanda gari tena kwenda Uvira? Nikitoka nimechoka, je, ni uchovu wa aliyefanya kazi au wa aliyelazimishwa? Kutoka na machozi si dalili mbaya. Kutoka ukijiona umevuliwa nguo mbele ya mtu usiyemjua ni dalili mbaya, na mara nyingi inatokana na mtaalamu aliyetaka kusikia kisa chote siku ya kwanza.

Lugha nayo ipewe uzito wake. Wapo wanaosimulia mateso yao kwa Kifaransa safi kama wanaoandika ripoti, kisha wakigeukia Mashi, lugha yao ya nyumbani, sauti inabadilika. Chagua mtu anayeielewa lugha unayolilia, au angalau atakayekuacha uitumie.

Kuhusu siri, mji wetu ni mdogo. Mtaalamu unayeelekezwa kwake anaweza kuwa anaimba kwaya moja na wifi yako. Kifungu cha 73 cha sheria ya makosa ya jinai ya Congo kinamwadhibu anayefichua siri alizokabidhiwa kwa sababu ya kazi yake, isipokuwa anapoitwa kutoa ushahidi mahakamani au sheria inapomlazimisha kusema. Lakini sheria pekee haimtulizi mwenye wasiwasi. Muulize mtaalamu anaandika nini, daftari linafungiwa wapi, atafanyaje mkikutana sokoni, na ni katika hali gani atalazimika kumwambia mtu mwingine. Jibu la kweli halitakuwa "kamwe": maisha yako au ya mtoto yakiwa hatarini, atatafuta msaada, na anapaswa kukuambia hivyo tangu mwanzo. Ndugu wa damu, shemeji au rafiki wa karibu asiwe mtaalamu wako hata akiwa hodari kiasi gani. Na yeyote anayetaka mapenzi, anayekukopa pesa au anayeweka sharti la kuhamia kanisani kwake, ondoka kwake siku hiyohiyo.

Sitaki mtu yeyote achague kati ya maombi na tiba. Wagonjwa wangu wengi wanasali, na sala inawashikilia wakati mimi siko. Ninachopinga ni kumfungia mgonjwa kwenye chumba cha maombi na kumlazimisha kufunga kula siku nyingi, tena kwa kumwachisha dawa zake.

Pesa huulizwa mapema. Huduma nyingi hapa zinategemea miradi, na mradi ukifungwa APS naye anaondoka, wakati mwingine katikati ya tiba. Kwa sababu hiyo uliza mradi unaisha lini na nani atakupokea baadaye. Hospitali ya Panzi, ambayo Daktari Denis Mukwege aliianzisha mwaka 1999, inaunganisha matibabu ya mwili, msaada wa kisaikolojia, msaada wa sheria na wa kujitegemea kwa waliopatwa na ukatili wa kingono, na wengi huanzia kwa wale wasaidizi wa kisaikolojia na kijamii wanaowaita kwa upendo "mamans chéries", yaani mama wapendwa. Kwa matatizo mazito ya akili kuna SOSAME niliyoitaja. Ndugu zetu wa Goma wana Tulizo Letu, na wale wa Lubumbashi wana kituo cha Joseph Guislain. Asiyejua aanzie wapi aende kituo cha afya cha zone yake na aombe kuelekezwa.

Ukiona baada ya vikao kadhaa kwamba hamwendi pamoja, mwambie kabla ya kuacha. Mara nyingine mazungumzo hayo hurekebisha mambo, na yasiporekebisha, omba muhtasari wa mlichokwisha kufanya ili mtaalamu mwingine asikurudishe mwanzo kabisa. Hutakuwa umemkosea mtu. Na kama unatumia dawa ulizoandikiwa na daktari wa magonjwa ya akili, endelea nazo katika kipindi chote cha kutafuta mtaalamu mwingine, kwa sababu nyingi kati yake zikiachwa ghafla huleta kizunguzungu, kukosa usingizi au ugonjwa kurudi kwa nguvu. Daktari huyo ndiye atakayezipunguza kidogo kidogo wakati wake ukifika.