Usawazikaji wa ardhi: mmomonyoko unavyoilaza milima

Mmomonyoko ni kung'olewa na kuchukuliwa kwa udongo na mwamba uliomeguka. Wachukuzi ni maji, upepo na barafu. Wakiachiwa mamilioni ya miaka, hula palipoinuka na kujaza palipo chini, mpaka nchi ikaribie kuwa tambarare. Huko ndiko kusawazika kwa ardhi.

Lakini kazi hiyo haianzi kwa kusawazisha. Mto unaoporomoka kutoka kwenye nchi ya juu kwanza huchimba korongo, na ardhi ikazidi kuwa na mabonde na magenge. Ni baadaye, kingo zinapoliwa na mabonde kupanuka, ndipo vilele navyo huanza kushuka. Kadiri mteremko unavyopungua, maji hupoteza nguvu. Milima mikali huweza kupoteza milimita moja au zaidi kwa mwaka, ilhali nyanda za chini hupoteza sentimita chache tu kwa miaka 1,000.

Kizuizi kikubwa zaidi kimo chini ya mlima wenyewe. Ganda la dunia limekalia mwamba mzito zaidi, mfano wa jahazi majini: ukipakua shehena, jahazi huinuka. Mmomonyoko ukiondoa tabaka la mita moja katika eneo pana, ardhi huinuka tena taratibu kwa sentimita 80 hivi. Kwa hiyo ili mlima ulale, lazima uondolewe mwamba wenye unene wa mara kadhaa ya kimo chake.

Mwaka 1889 Mmarekani William Morris Davis aliuita uso uliofikia hatua hiyo ya mwisho penepleni, yaani karibu uwanda. Neno "karibu" lina uzito wake, kwa kuwa miamba migumu hubaki imesimama.

Ushahidi ninaouona kuwa mzuri kuliko wote umo kwenye kuta za korongo la Grand Canyon, Marekani. Chini kuna miamba ya miaka bilioni 1.7 hivi, mizizi ya milima iliyokwisha kuliwa. Juu yake, karibu mlalo, umelala mchanga wa pwani uliogeuka jiwe, wa miaka takriban milioni 500. Milima yote ile imebaki mstari mmoja ukutani, pale miamba ya chini inapokutana na jiwe la juu. Hapa na pale mstari huo unapanda na kushuka: ni vilima vigumu ambavyo bahari ilipofika vilikuwa visiwa.