Kuizunguka Pemba kwa Miguu: Yasemwayo na Yalivyo

"Kisiwa kidogo hicho, siku mbili umekimaliza." Husema hivyo aliyekijua kwa daladala. Kweli, toka Ras Kigomasha kaskazini hadi ncha ya kusini ni kama kilomita 67. Lakini Pemba ni vilima na mabonde ya mpunga, hushuki huku ila unapanda kule. Hakuna kilima kinachofika hata mita 150. Kinachochosha ni wingi wake. Upande wa magharibi ndio kabisa, hori za mikoko zimeikata pwani vipandevipande. Jogoo wa ng'ambo unamsikia akiwika, na kumfikia ni kuzunguka nusu siku. Mimi ningepanga siku tano, na ya sita iwe ya akiba.

"Nitafuata ufukwe, sitapotea." Kupotea hutapotea, utakwama. Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya maji hukaribia mita nne. Siku hizo maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, na kufika saa kumi alasiri pale ulipopita pakavu ni bahari tupu. Nyakati hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku. Wiki moja baadaye, kwenye maji mafu, saa nne ile ile ndiyo saa ya maji kujaa, ingawa hayajai sana. Basi tazama mwezi kabla ya kutazama ramani. Ukimkuta mama anachokoa pweza, usimuulize kama njia ipo, atakwambia ipo. Muulize maji yanarudi saa ngapi.

"Kandambili zinatosha, wenyeji hawavai viatu." Wenyeji wanajua pa kukanyaga. Upande wa Micheweni mawe ya matumbawe ni makali; vaa viatu vya soli nene ulivyokwisha kuvizoea, si vipya vya dukani.

"Maji ya nini, madafu yamejaa!" Dafu ni zuri, nalipenda, lakini jasho hutoa chumvi na dafu lina chumvi kidogo mno. Anayetoka jasho kutwa achanganye lita moja ya maji safi na vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Maji ya kunywa yachukue kijijini. Visima vingi vya karibu na pwani vina maji ya munyu.

"Kiangazi ndio wakati wake." Kaskazi ya Disemba hadi Februari ina joto la kumwangusha mtu. Masika, Machi hadi Mei, udongo wa mabondeni unateleza vibaya. Nenda kipupwe, Juni hadi Agosti, ingawa koti la mvua usiliache. Na ikiangukia Ramadhani, jua kwamba mchana hupati pa kununua chakula.

"Nchi yetu, nalala popote." Hapana. Ukifika shehia ya watu, anza kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo, ujieleze unatoka wapi na unaelekea wapi, naye atakuelekeza pa kulala. Msitu wa Ngezi nao ni hifadhi, unaingia kwa utaratibu wa ofisi yao. Fika kwa sheha mapema: mwaka mzima jua huchwa kabla ya saa moja, na giza huku halichelewi.